Panki ya Citoyen Kalenga

Pontien Kalenga alipomwona yule kijana wa Kizungu ana pini imepenya sikioni na nywele zimesimama wima, hakufanya ishara ya msalaba kama wanywaji wengine wa pale baa ya bandarini. Alitoa leso, akapangusa viti viwili, cha mgeni na cha kwake, akaketi. Mzungu aliyechanika suruali magoti yote mawili, aliwaza, ama ana mkasa ama ana kazi, na Pontien alikuwa anakula kwenye vyote.

"Citoyen Kalenga, mpiga picha wa mji," alijitambulisha kwa Kifaransa chake cha sikukuu.

Alisema Citoyen, yaani raia, bila Pontien, kwa sababu miaka ile serikali ya Zaire ilikuwa imeyapiga marufuku majina ya Kikristo. Kwenye biro za serikali alikuwa Kalenga, mlangoni mwa kanisa alikuwa Pontien, na kwa wenye hasira naye alikuwa amesafiri. Upigaji picha wake nao ulikuwa wa namna hiyo hiyo. Alikuwa na mashine ya zamani ya miguu mitatu, na ndani ya mashine hiyo hamkuwa na filamu, mlikuwa na buibui. Harusi zote za Kalemie alizipiga, ubatizo wote alikuwapo, na kila aliyeuliza picha aliambiwa kwamba zinasafishwa Lubumbashi. Lubumbashi ni mbali, watu walielewa, wakangoja.

Kilichofanya waelewe ni abakosi yake, lile koti la wakubwa wa serikali. Tuiheshimu kidogo nguo hii, maana hadithi inaizunguka. Ilikuwa ya kijivu, kola imesimama, vifungo vinang'aa. Aliipata Lubumbashi kwa mkurugenzi mmoja aliyempa aipeleke kwa dobi, na kwa haki kabisa tunasema kwamba Pontien bado alikuwa njiani kuipeleka. Ndani ya abakosi ile maneno yake yalikuwa na uzito. Bila abakosi alikuwa mtu mwembamba wa kutoka Kongolo mwenye mdomo mrefu, na yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Kijana aliitwa Jean, Mbelgiji, mjomba wake padri huko huko Kongolo. Alifungua begi akatoa gazeti, akalifungua juu ya meza katikati ya chupa. Ndani mlikuwa na picha za vijana wamenuna, mashati yamechanwa na kushikizwa kwa pini, minyororo shingoni.

"Ni gazeti la muziki wa panki," Jean alisema. "Vijana waliokasirikia kila kitu. Wanapiga gitaa bila kujifunza, na nguo nzuri wanazichana kwa makusudi. Wakubwa wangu wanataka picha za panki wa Afrika. Je, hapa wapo?"

"Panki?" Pontien alisema. "Kalemie? Tunawakanyaga."

Basi wakapatana. Jean angechukua treni kwenda kumsalimia mjomba, na siku ya meli ya Kigoma angekuwa amerudi. Pontien angemwandalia panki wake ufukweni, tayari wamenuna. Kama kianzio Jean aliacha gazeti lile na boksi moja la pini.

Pontien alibaki na gazeti mpaka bia ikawa ya moto. Nywele hazikumshangaza, maana Denise msusi wa sokoni alikuwa anasimamisha vichwa vya wanawake kwa uzi mweusi tangu zamani, na hakuna gazeti lililomwandika. Kilichomshika moyo ni kitu kingine. Watu hawa, ili wapigwe picha, ni lazima kwanza wavue nguo nzuri. Na zile nzuri, alijiuliza, wanaziweka wapi?

Hapo ndipo mpango ulipozaliwa. Kigoma mwaka ule nguo zilikuwa adimu. Kitenge kizuri kutoka ng'ambo hii kiligombaniwa hata kabla ya kushushwa melini. Kalemie kwenyewe hali ya hewa ilikuwa inaharibika, mabibi harusi wameanza kuuliza picha kwa sauti. Mtu mwenye sanduku lililojaa nguo za sikukuu za mji mzima angevuka ziwa, afungue duka, na atubu huko huko taratibu.

Kesho yake alikwenda kwa Mama Kapinga. Mama huyu alikuwa anauza nguo kuukuu na vitenge kwenye kibanda cha mbao karibu na ufukwe, mwanamke mnene wa maneno machache, ambaye akikunja shati unafikiri analinyamazisha. Ndani ya kibanda alimkuta Papa Ngoy, mzee aliyeendesha gari-moshi maisha yake yote mpaka sikio moja likafa kwa makelele. Alikuwa anachagua mkanda.

"Jambo, Mama Kapinga."

"Jambo, Papa Kalenga. Picha ya ubatizo ya mutoto ya Mama Rosalie ilishafika?"

"Iko njiani, Mama."

"Ule mutoto sasa anaenda masomo. Babake iko analipa feza ya masomo, minerval."

Pontien alikohoa, akanyoosha kola. "Leo nawaletea mambo makubwa. Gazeti ya Ulaya inakuya kupiga bantu ya Kalemie picha. Gazeti ya panki!"

"Ya banki?" aliuliza Papa Ngoy, akigeuza sikio lile zima.

Pontien alifungua mdomo amsahihishe. Halafu aliufunga. Panki ni kitu cha kueleza kuanzia asubuhi hadi jioni, na ukishamaliza bado mtu atakuuliza kwa nini achane shati. Banki je? Banki ina geti, ina askari, ina mihuri. Neno limejileta lenyewe, limepiga hodi, atalifukuza kwa sababu gani?

"Ya banki," alisema. "Umesikia muzuri, Papa."

Mama Kapinga aliacha kukunja. Alimtazama Papa Ngoy, Papa Ngoy akamtazama yeye. Pontien, ambaye kusoma nyuso za watu ndiyo kazi iliyomlisha, alizisoma nyuso zile mbili akaona heshima.

"Na banki inatutakia picha ya nini?" Papa Ngoy aliuliza.

Swali hilo hakulitarajia, lakini abakosi ilikuwa mwilini na jibu likaja. "Picha mbili, Papa. Ya kwanza inaitwa Kabla. Munavaa matambara, munashikisha na pini, munakunja sura: njo vile mulikuwa mbele banki iwasaidie. Ya pili inaitwa Baada. Munavaa manguo yenu ya Noeli, munacheka. Bazungu wanaangalia, wanasema: eh, kumbe banki njo inafanyaka hivi!"

"Ya Noeli," alisema Papa Ngoy polepole.

"Njo vile! Ya Noeli!"

"Na ile ya Noeli itakaa wapi, wakati tunapiga ya matambara?" aliuliza Mama Kapinga.

"Ndani ya sanduku ya banki, Mama. Sanduku ya chuma, na kufuli."

"Kufuli ya nani?"

"Ya banki."

"Aa," alisema Mama Kapinga, akarudia shati lake. "Basi iko muzuri. Matambara nitaleta miye. Lakini na wewe utavaa."

"Miye?"

"Banki haiwezi kuvalisha bantu matambara, yenyewe iko ndani ya abakosi. Bantu watasikia haya. Uanze wewe, sisi tutafuata."

Hapo Pontien alisita. Kuivua abakosi mbele za watu kulimuuma hata kuwaza. Lakini sanduku lingekuwa lake, ufunguo wake, meli ingekuwa pale hatua chache. Angeivaa tena kabla nanga haijakauka. Alikubali, na hata akashukuru.

Habari ilienea. Tangu siku ile hakuna aliyemuuliza picha za harusi tena. Wote walimuuliza banki itakuja lini. Aliwakusanya nyuma ya soko akawafundisha kununa, kama gazeti lilivyoonyesha, na kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani, maana watu wa Kalemie wakitazamwa wanacheka.

"Kunja sura, Mama Rosalie!"

"Nakunja. Lakini nakasirikia nani?"

"Kila kitu. Gavana, mvua, jirani."

"Jirani yangu iko Denise, na yeye njo ananisuka."

"Papa Ngoy, wewe waza treni ya Kabalo vile inakawiaka."

"Ile treni nilikuwa naendesha miye mwenyewe," alisema Papa Ngoy kwa uchungu, na hapo akanuna vizuri kuliko wote. Pontien alimsifu mbele ya watu.

Siku ya meli ilipofika, treni ya Kongolo haikuwa imefika. Hiyo Pontien aliihesabu ndani ya mpango, maana katika reli ile kuchelewa ndiko kulikuwa ratiba. Jean na gazeti lake wangekuta mchanga mtupu.

Na watu walikuja! Hakuna mtu wa Kalemie anayekwenda kupigwa picha akiwa na sura ya nyumbani, hata picha iwe ya matambara. Papa Ngoy alikuwa na koti la sufu na viatu vyeusi vilivyotoa mlio. Mama Rosalie alivaa vitenge vitatu vya rangi moja, kimoja kiunoni, kimoja begani, kimoja kichwani juu ya nyuzi mpya za Denise. Pontien alizipitia nguo zile moja moja kwa macho, akazipeleka Kigoma, akazitundika dukani.

Kama walivyopatana, yeye alianza. Alivua ndani ya kibanda, nyuma ya pazia, akatoa mkono na abakosi yake.

"Leta, Papa, nikunje muzuri, isikunjamane," alisema Mama Kapinga. Pazia lilipofunguka alimkabidhi kifurushi kimefungwa kwa kitambaa, kingine kidogo juu yake. "Na hii mihogo ya kuchoma. Kazi ya banki inaletaka njaa."

Pontien aliguswa kweli. Alikiweka kifurushi chake chini kabisa ya sanduku kwa mikono yake mwenyewe. Kisha wengine waliingia kibandani mmoja mmoja wakiwa wamependeza, wakatoka wamechanika, pini kila mahali, kila mtu na kifurushi chake. Sanduku lilijaa mpaka Papa Ngoy akalikalia ili lifungike. Pontien aligeuza ufunguo, akauingiza ndani ya soksi, kwa sababu suruali aliyopewa haikuwa na mfuko uliokuwa na chini.

"Sanduku iende pale kwa kivuli ya bandari," alitangaza. "Banki haipendaka muchanga."

Léon wa mkokoteni alilipakia, na Mama Kapinga mwenyewe akasaidia kusukuma mpaka kwenye lami. Pontien alipanga panki wake kwa mistari, migongo kwenye ziwa, akasimamisha mashine, akaifunika kwa kitambaa cheusi kilichoinuliwa nyuma yake kwa kiti na fimbo, ili kionekane kina mtu.

"Sikilizeni! Picha ya Ulaya haina haraka. Mufumbe macho, mukunje sura, musitikisike. Mukisikia honi ya meli, imeisha."

"Na wewe utakuwa wapi?" aliuliza Papa Ngoy, macho tayari yamefumba.

"Chini ya kitambaa, Papa."

Walifumba. Hakuna aliyechungulia. Utiifu wao ulimtia Pontien huruma kidogo, nasi tumwandikie huruma hiyo, maana hana mengine mengi ya kuandikiwa. Alitembea kwa vidole mpaka kwenye lami, halafu akakimbia. Makaratasi yake ya safari yalikuwa tayari, na mengine yalikuwa hata ya kweli. Mabaharia walilipandisha sanduku wakilalamika uzito, na kila lalamiko lilimpendeza.

Kutoka juu ya meli aliwaona pale ufukweni, wamesimama mbele ya kitambaa kisicho na mtu. Meli ikapiga honi ya kwanza. Pontien alishika ukingo akangoja makelele, mbio, ngumi hewani.

Walifumbua macho, wakageuka ziwani, wakampungia mikono. Wote. Papa Ngoy alivua kofia. Mlangoni mwa kibanda Mama Kapinga alikuwa anapunga kitu cha kijivu.

Kwanza Pontien naye aliinua mkono, kwa adabu tu. Kisha mkono ulianza kumwia mzito. Alikwenda kwenye sanduku, akatoa ufunguo ndani ya soksi, akafungua, akavuta kifurushi cha Mama Rosalie. Matambara. Cha Papa Ngoy: suruali tatu kuukuu zisizo na makalio, na jiwe la reli ndani yake. Alifungua kingine na kingine, huku abiria wamekuja kutazama. Alipofika chini kabisa alikikumbatia kifurushi chake mwenyewe kabla ya kukifungua. Mlikuwa na gunia la chumvi, limekunjwa vizuri sana, halikukunjamana hata kidogo.

Pontien alilia. Wajanja nao hulia, na yeye alilia kwa sauti, akilikumbatia lile gunia.

Karibu naye juu ya magunia ya ndagala, dagaa wa ziwa, alikuwa ameketi Mama Hortense, mchuuzi wa soko la Kalemie aliyevuka ziwa lile kila meli. Alimwacha alie kiasi, halafu akampa maji.

"Nani aliwaambia?" Pontien aliuliza. "Nani alinisaliti?"

"Hakuna muntu alisema kitu, Papa. Wewe mwenyewe ulisema banki."

"Na banki iko na mubaya gani?"

Mama Hortense alimtazama kama mtu anayeuliza maji yana unyevu gani. "Wewe ile Noeli ulikuwa wapi? Serikali ilisema noti ya zamani imekufa, kila muntu apeleke yake kwa banki, atapata ya mupya. Tulipeleka. Papa Ngoy alipeleka ya kazi yake yote ya gari-moshi. Wakamupa kidogo, ingine wakamwambia: ngojea, utarudia. Iko anarudia mupaka leo. Sasa wewe unakuya unasema, leteni manguo ya Noeli, muweke ndani ya sanduku ya banki, kufuli ya banki! Soko yote ilikaa chini ikacheka. Kitu yenye imeingia kwa banki, nani aliiona tena?"

"Si mungenikatalia tu!"

"Kukatala sababu gani? Matambara tulikuwa nayo."

Pontien alipangusa macho kwa mkono wa shati, mkono ukabaki mkononi. "Na abakosi yangu, Mama?"

"Mama Kapinga alisema, usihuzunike. Ngojea, utarudia. Ukuye na picha ya ubatizo ya mutoto ya Mama Rosalie."

Wakati huo mtu alikuja mbio juu ya meli, begi linaruka mgongoni. Treni ya Kongolo ilikuwa imefika hatimaye, na Jean alikuwa ametoka stesheni moja kwa moja mpaka bandarini, watu wa ufukweni wakamwonyesha meli kwa vidole, akaruka daraja likiwa linavutwa. Alisimama ghafla. Alimwona Pontien ameketi juu ya sanduku wazi, shati limeshikizwa kwa pini zake zile zile, gunia shingoni, macho mekundu, amekasirikia kila kitu kilichoko mbinguni na duniani.

"Citoyen!" Jean alisema kwa furaha isiyo na unafiki. "Umempata!"

"Nani?"

"Panki! Na wa kweli!" Tayari alikuwa amepiga goti na mashine yake, na ndani ya ile mlikuwa na filamu. "Usitikisike. Tafadhali, usicheke."

Haikuwa kazi.

Picha ilitoka ukurasa mzima. Jean alimtumia mjomba wake gazeti, na padri, asiyejua alifanyie nini kitu kile, alikuja nalo Kalemie. Jumapili moja, baada ya misa, lilifunguliwa juu ya meza ya Mama Kapinga, watu wakalizunguka. Papa Ngoy aliinama kulitazama karibu. Alikuwa amependeza siku ile, kola imesimama, kijivu, vifungo vinang'aa, na tangu aanze kuivaa abakosi ile watu walikuwa wanamsikiliza hata akinyamaza.

"Masikini," alisema. "Huyu njo nani?"

"Angalia muzuri, Papa," alisema Mama Kapinga. "Njo muntu wa banki."